Ukungu wa Kidato cha Pili

Jumanne, 4 Machi

Chiriku amekitumbukiza kiatu chake kwenye ndoo ya maji ya kunywa, sasa hivi tu, nikiwa nafungua ukurasa huu. Amekitazama kikizama. Kisha akamtosa na mdoli wake wa kitambaa ili akakitafute. Ana miaka miwili na miezi minne. Nimeshindwa hata kumgombeza. Mwalimu wa sayansi angesema hilo ni jaribio: kipi kinazama, kipi kinaelea. Mwanangu ana akili! Maji yamemwagwa yote.

Daftari hili nimepewa na Mwalimu huyohuyo. Mimi ni mfanya usafi wa maabara, shule ya sekondari. Siku moja alinikuta nimesimama mlangoni na ufagio, nimesahau kufagia, natazama wanafunzi wakimimina maji ya limau juu ya magadi mpaka povu likapanda likamwagika. Hakunifukuza. Alinipa daftari, akaniambia: Mama Chiriku, andika unachokiona, weka tarehe, usifute. Shule niliachia kidato cha kwanza, mambo ya nyumbani. Lakini kuona, naona.

Haya. Ninachokiona ni hiki. Msaidizi wa maabara amestaafu. Nafasi iko wazi. Na Mwalimu amenitaja kwa Mkuu wa shule! Mimi! Mkuu amesema ataamua baada ya Jumatano ijayo, siku ambayo mkaguzi atakuja kutazama somo la vitendo la kidato cha pili.

Nikiipata: koti jeupe. Kushika vyombo bila kuambiwa niviweke chini. Na kutoka kazini saa tisa na nusu badala ya kufika nyumbani Chiriku keshalala. Wiki iliyopita alimwita wifi yangu mama. Wifi akacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda kuosha sufuria lililokuwa safi.

Mpinzani ninaye. Karani wa ofisi. Namwita Bi Muhuri, maana muhuri wa shule anauvaa shingoni kwa kamba, kama mkufu. Ana mpwa wake mwenye cheti. Cheti kimetiwa fremu. Fremu ameileta ofisini, ameiweka mezani, ameielekeza kwenye mlango wa Mkuu!

Mbinu yangu: usafi. Cheti hakisugui masinki. Mwalimu ameondoka leo kwenda semina, atarudi Jumanne. Ameniachia ufunguo wa kabati la dirishani, akasema niutunze kama jicho, akakimbia kuwahi basi. Nikasema nitamshangaza. Nimesugua meza zote, masinki yote, mitungi yote. Kisha kabati. Mlangoni kuna karatasi: USIGUSE. Sikugusa. Nilivaa glavu. Ni yeye mwenyewe aliyenifundisha kwamba cha kutoguswa hushikwa kwa glavu.

Ndani kuna nini? Mikate iliyooza! Mifuko sita! Mmoja una ndevu za kijani, mwingine umeota sufi. Yaani watoto hawa wanaficha mabaki ya chakula kabatini, na mkaguzi yuko njiani. Nimetia vyote kwenye tanuri la taka, nikawasha. Kabati nimelipiga dawa mara tatu. Mkaguzi anaweza kulitumia kama kioo, akachana ndevu.

Najiona msaidizi tayari.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwisha.

Saa nne akaja kiranja wa maabara, msichana mfupi asiyeachana na rula yake, akaniuliza kwa sauti ya siri kama nimechungulia. Nimechungulia nini? Mikate yetu, shangazi. Ile ya kabatini.

Akanieleza kwa furaha, kwa vidole, kimoja baada ya kingine. Kila kidole kilivyopanda, mimi nilishuka. Mfuko wa kwanza: mkate ambao haukuguswa na mtu, ulitiwa kwa koleo. Wa pili: ulishikwa na mikono iliyooshwa kwa sabuni. Wa tatu: mikono iliyooshwa kwa maji matupu. Wa nne: mikono iliyotoka uwanjani. Wa tano: ulipanguswa juu ya dawati. Wa sita: kwenye kitasa cha choo. Wamesubiri karibu wiki mbili. Hawajachungulia hata mara moja, wamemwahidi Mwalimu. Ukungu ndio somo lenyewe! Mkaguzi anakuja kuona ukungu!

Nikamwambia vizuri sana mwanangu. Sauti ilinitoka kama ya birika.

Ningempigia Mwalimu. Simu niliishika. Nikaliona koti jeupe linaruka dirishani, linakwenda zake. Nikairudisha simu mfukoni.

Mbinu mpya: ukungu nitauotesha mwenyewe. Siku ninazo saba. Anayejua ni mimi na tanuri. Nimenunua mkate na nimefuata vidole vya kiranja kimoja kimoja. Hadi kwenye kitasa cha choo cha watumishi. Nilikuwa nakipangusia kipande cha mkate, taratibu, kwa haki, mara mlango ukafunguka. Bi Muhuri. Alinitazama mimi, akautazama mkate, akautazama mlango. Akaniuliza kama kwetu hakuna meza.

Nikamaliza kupangusa. Watu wa sayansi hatubishani.

Alhamisi, 6 Machi

Mifuko niliiweka juu ya kabati la nguo, nyuma ya sanduku. Mume wangu ni fundi cherehani, hawezi kupata mkasi wake mezani hata ukimng'ata. Lakini mikate ameiona. Vipande vinne amevinywea chai alfajiri. Viwili ameacha, eti vina mchanga mchanga. Cha kitasa amekila. Sijamwambia. Namtazama tu. Mpaka sasa mzima, anapiga mluzi.

Nimeanza upya vyote sita. Nimemwambia hii mifuko ni ya kazini, asiiguse. Akauliza kazi gani ya mikate. Sayansi, nikamwambia. Akasema basi mke wangu, sayansi yenu ingepakwa siagi.

Ijumaa, 7 Machi

Mkate hautaki!

Nyumba yangu hii mimi naijua. Nyanya zinaoza nikigeuka. Maziwa yanaganda nikiyafikiria. Leo ndiyo nautaka uozo, mkate umekaa mweupe, laini, umetulia kama bibi harusi anayesubiri picha. Nimeuchungulia mara tisa.

Shuleni Bi Muhuri akaja maabara kunitaka ufunguo wa kabati. Mkuu ameagiza vyumba vyote vikaguliwe, amesema. Uongo, Mkuu hayupo leo. Nikamwambia namwonea huruma, nisingependa apatwe na jambo, humo ndani kuna kitu kinaota, na kikipata nywele ndiyo kinanoga. Mkono ulimwenda kichwani wenyewe. Nywele amesukwa jana, bado zinamvuta macho. Akaondoka kinyumenyume.

Ushindi! Ila alipofika koridoni alisema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba mpwa wake hajawahi kukutwa akila chooni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamua kuuliza watu wenye uzoefu. Wifi yangu ndiye anayekaa na Chiriku nikiwa kazini. Mwembamba, mkali, ana neno kwa kila jambo. Nikamuuliza kwa upole, wifi, mtu akitaka mkate uoze upesi anafanyaje? Akaacha kupepeta. Akasema dunia nzima inauliza kinyume chake. Kisha akatoka nje na simu, nikamsikia dirishani: mama, mke wa kaka anataka kutuozeshea chakula.

Mama mkwe akaomba kuzungumza nami. Akaanza mbali, habari za afya, habari za mjukuu. Halafu akasema, mwanangu, kama umemchoka mwanangu, sema, tutakaa kikao, hakuna haja ya kuingiza mikate. Nikaapa kwamba ni sayansi. Nikamweleza yote, mpaka kitasa. Akauliza, kwa hiyo hicho kitasa alikila? Nikasema ndiyo mama. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Akapiga tena. Mimi sikujua kama ninaye mwalimu wa pili! Akasema ukungu unataka mambo mawili, joto na majimaji, yeye ameshapoteza unga wa pipa zima kwa hayo. Nikairashia maji mifuko yote, nikaibana katikati ya jiko na pipa. Wa tatu nimeuzidishia. Umekuwa uji. Nimeweka mwingine.

Jumapili, 9 Machi

Kidoti!

Mfuko wa sita! Kijani! Mdogo kama kichwa cha pini! Nilipiga kelele, mume wangu akakimbia na futi shingoni akidhani Chiriku ameungua. Nikamwonyesha. Akatazama. Akasema hongera, kwa uangalifu, kama mtu anayezungumza na aliyepanda paa. Mimi nilijisikia kama siku Chiriku alipoota jino.

Jioni nikageuka kidogo tu kukuna nazi, nikamkuta Chiriku ameketi, ile mifuko mbele yake kama dukani kwake, mmoja ameufungua, mkate ameupigapiga kwa kiganja huku akiuimbia ulale. Mikono yake ilikuwa imetoka kuchimba kwenye chungu cha maua. Nikaupokonya, nikautazama juu na chini. Haukuwa na alama. Nikaufunga. Ni ule wa kwanza, ambao haukuguswa. Haidhuru. Haukuguswa na mtu mzima.

Jumatatu, 10 Machi

Joto na majimaji! Mama mkwe apewe kidato kizima afundishe! Wa nne una ndevu. Wa tano una madoa. Wa sita unatisha, sitaki kuutazama.

Tatizo ni mfuko wa pili, ule wa sabuni. Unatakiwa uwe msafi, nao umeota kuliko wa tatu. Sabuni yetu ina nini? Nimefikiri sana. Nimeutupa, nimeweka kipande kipya cha mkate wa leo. Kwani ukweli si ndio huo, kwamba sabuni inasafisha? Nimeusaidia tu ukweli, ulikuwa unachelewa.

Nimeipeleka mifuko shuleni ndani ya mkoba wa nepi. Langoni Bi Muhuri alikuwa amesimama na mlinzi wakipiga soga, akanusa hewani, akauliza kama mtoto anaumwa tumbo. Nikasema sana. Akanipisha njia.

Vibandiko nimeandika mwenyewe, vitatu kwa mkono wa kulia na vitatu kwa wa kushoto, ili ionekane watoto ni wengi. Vimepangwa kabatini. Nimefunga.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu amerudi. Akaniuliza kabati liko salama? Nikasema liko salama. Sikudanganya. Kabati ndilo liko salama.

Akaniambia huko semina walimu walilalamika kwamba hawana watu wa kuwasaidia, yeye akasimama akawaeleza habari zangu. Mbele ya ukumbi. Akasema kwao hata mfanya usafi anaandika anachokiona. Ananiambia hayo anafungua mkoba, anatoa penseli ya rangi aliyomletea Chiriku.

Nilifungua mdomo. Nilikaribia kabisa. Kengele ikalia.



Jumatano, 12 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi za stoo. Nimeambiwa nisubiri.

Mkaguzi ni baba mnene mwenye koti zito, alikaa nyuma na daftari lake. Mkuu pembeni yake. Bi Muhuri akajipa kazi ya kuleta chai. Mimi kwenye sinki, nimevaa gauni langu la kitenge kipya. Kiranja akafungua kabati kama anafungua zawadi.

Wa sita, makofi! Wa tano, makofi! Wa nne, wavulana wakapiga miluzi. Wa tatu una kidogo. Wa pili safi, mkaguzi akaandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kupumua.

Wa kwanza.

Mkono. Mkono mdogo wa kijani katikati ya mkate, vidole vitano kamili, gumba limesimama pembeni kama linatusalimia.

Nyuma akatokea wa kusema ni jini. Kiranja akamgeukia: hapa hatusemi jini, andika unachokiona! Basi ikaanza. Wakaupima mkono kwa rula, kiganja sentimita tano. Wakachora mikono yao wenyewe kwenye karatasi, wakailinganisha. Hakuna uliofanana. Mkaguzi akavua koti, akachorwa na wa kwake. Mkuu naye akalazimika kutoa mkono. Mmoja akasema tumbili. Mwenzake akabisha, gumba la tumbili ni fupi, wewe umemwona tumbili wapi, kwetu wanaingia jikoni kila siku. Walibishana mpaka kiranja akaandika ubaoni: binadamu, umri kati ya mwaka mmoja na mitatu.

Hapo msichana mmoja, ambaye muhula mzima sijamsikia akitoa neno, akauinua mfuko wa pili, akaubonyeza. Mkate ukabonyea, ukarudi. Akasema huu ni wa juzi. Na sisi tulitumia mkate wa kantini wenye vishimo, huu hauna vishimo. Hata mingine haina. Yote si yetu.

Nusu saa! Bila kitabu! Wamefichua kila kitu kwa rula na vidole! Naapa nilijivunia.

Bi Muhuri yuko mlangoni na sinia. Akasema kwa sauti ya asali kwamba katika shule nzima mtumishi mwenye mtoto wa kimo hicho ni mmoja, na mikate huila chooni.

Nikasema yote. Glavu, tanuri, mume wangu, mama mkwe, sabuni, ukweli uliochelewa. Sikubakisha. Mkaguzi alicheka mpaka akakalia stuli iliyokuwa na maji. Wanafunzi walicheka. Hata mlinzi dirishani. Mkuu hakucheka.

Mwalimu naye hakucheka. Alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Alhamisi, 13 Machi

Mwalimu aliniita asubuhi. Hakupaza sauti, heri angepaza. Alisema kuchoma mikate ni kosa, na makosa ni mali ya maabara, yeye mwenyewe aliwahi kuunguza paa. Mkate wenye mkono pia si neno. Ila mfuko wa pili! Pale uliwatengenezea watoto jibu, alisema. Ungenipigia Jumatano ile, ningemwambia mkaguzi imeharibika, tunaanza upya, na lingekuwa somo zuri vilevile.

Akaniambia niende nyumbani mpaka Mkuu aamue kesho.

Nyumbani nikakaa kizingitini. Wifi akaniletea chai bila kuombwa. Akasema usilie wifi, mimi nilidhani unatuloga, kumbe unasoma. Chiriku akaja akaniwekea kiganja usoni. Nikakitazama kiganja kile. Sentimita tano. Wamepima sawasawa kabisa.

Nikifukuzwa, hata kufagia sitafagia tena pale. Hilo ndilo linaniuma. Sitajua maharage ya somo lijalo yameota vipi.

Ijumaa, 14 Machi

NIMEPATA!

Taratibu. Nitaandika kwa mpangilio.

Mkuu alikuwa na karatasi mbili mezani. Ya kwanza ni ya mkaguzi: ameandika kwamba mwaka huu ametazama masomo mengi ya vitendo, na hili pekee ndilo ambamo wanafunzi waligundua jambo ambalo mwalimu halijui. Ya pili ni ya kidato cha pili, imetiwa sahihi na wote. Wameanza jaribio upya na wanaomba nirudi niwe wa kushika mkate wa saba.

Na mpwa wa Bi Muhuri? Alikuja jana kujaribiwa. Akaonyeshwa mirija ya kuoshwa. Akauliza nani huwa anaiosha.

Basi, nimepewa muhula mmoja wa majaribio. Sharti ni moja. Kuna kitabu kinaitwa Kitabu cha Makosa: kilichovunjika, kilichomwagika, kilichotupwa, kinaandikwa humo siku hiyohiyo, kwa mkono wangu, kabla sijatoka. Mwalimu akanishika bega akaniuliza nimeelewa? Nimeelewa! Maisha yangu yote sijawahi kuelewa jambo kama hili! Kuanzia leo ni ukweli mtupu, hata ukichelewa tutausubiri.

Bi Muhuri akapiga muhuri kwenye barua yangu. Aliupiga mpaka wino ukaruka.

Koti linanifika kwenye vifundo. Mume wangu amelipima, amelikata, ameshona jina la kazi kifuani kwa uzi wa bluu. Wifi kalipiga pasi. Mama mkwe amepiga simu kutaka kujua kama wasaidizi wa maabara huruhusiwa kuja na wakwe.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza ndani ya koti. Mlinzi alisimama. Nikamwambia ni mimi. Akasema anajua, amesimamia koti.

Somo jipya ni maharage. Wanafunzi wameyapanda kwenye pamba mbichi: bilauri sita dirishani, bilauri sita ndani ya boksi jeusi. Yameshachipua. Ijumaa watalinganisha. Mwalimu alieleza kwa nini, lakini wakati huo nilikuwa nahesabu koleo, nikasikia nusu. Boksi liko chini ya ulinzi wangu.

Kitabu cha Makosa kiko mezani kwangu. Ukurasa mweupe, haujaguswa. Unapendeza.

Nimetoka saa tisa na nusu! Jua juu! Chiriku alikuwa nje anapanga mawe. Aliniona kwa mbali na koti, akakimbilia kwa wifi kwa woga. Nikalivua. Akarudi mbio, akasema mama, akajitupa. Nimembeba mpaka mkono ukafa ganzi.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nane mchana, maabara. Wanafunzi wako kwenye mpira.

Niandike ninachokiona. Jumanne nilifungua boksi jeusi. Kidogo tu, kuwajulia hali. Maskini! Wenzao dirishani wamenawiri, majani wameyakunjua kama vitambaa. Hawa wa gizani wamepauka, wamerefuka shingo, wameinamia upande wa mlango kama watoto waliosahauliwa shuleni. Mama gani angevumilia? Nimekuwa nikiwatoa juani tangu Jumanne, wakati wa mapumziko na saa za michezo. Ungewaona leo! Wote wana rangi. Mmoja amempita hata wa dirishani.

Asubuhi ya leo kiranja akanipitia, akasema kwa shauku kwamba kesho wataonyesha jinsi mmea unavyopauka usipopata mwanga.

Unavyopauka.

Nimekifungua Kitabu cha Makosa. Nimelisoma sharti lake mara mbili. Kilichovunjika: hakuna. Kilichomwagika: hakuna. Kilichotupwa: hakuna. Maharage wamenenepa tu, na kunenepa hakumo. Nimekifunga. Ukurasa bado mweupe.

Na wala si kwamba nawatengenezea watoto jibu. Jibu lilikuwepo, mimi ndiye niliyelipeleka juani. Nalirudisha tu mahali pake. Saa sita nimekimbia nyumbani nikarudi na unga wa ngano kwenye kikaratasi na brashi ambayo mume wangu husafishia cherehani. Nimejaribu kwenye majani mawili ya bilauri ya kwanza. Yamepauka vizuri sana! Ukitazama kwa mbali utawahurumia. Zimebaki bilauri tano. Tatizo ni Chiriku, wifi ameenda kliniki kwa hiyo nimemleta, na alikuwa hapa chini ya meza sasa hivi, na unga nao ulikuwa hapa

Mwalimu ananiita kutoka koridoni. Anasema Mama Chiriku, njoo, na uje na kile kitabu, kuna mtu mdogo amepita hapa na nyayo zake ni nyeupe. Naenda. Nimeshajua la kumwambia. Nitamwambia huo unga ulikuwa